Shuka Sloterdijk: kisa cha maelekezo yaliyompoteza shemeji

"Shikamoo shemeji. Ukitoka uwanjani shuka chini kwenye treni, panda yoyote inayokwenda Amsterdam Centraal, shuka Sloterdijk. Nitakuwa pale. Ni karibu sana, hata robo saa haifiki."

Huo ndio ujumbe niliomtumia mke wa kaka yangu mkubwa usiku ule alipokuwa anasubiri ndege Dar es Salaam. Niliuandika nikiwa jikoni kwangu Zaandam, mji jirani na Amsterdam, Uholanzi, wali uko motoni, nikauona umekamilika kabisa. Asubuhi yake safari hiyo ya robo saa ilimla karibu saa nzima. Alifika alikokuwa anakwenda zikiwa zimebaki dakika kumi kikao kianze, jasho linamtiririka ndani ya koti la baridi aliloazima kwa jirani.

Watu wamecheka sana nyumbani kisa hiki kinapohadithiwa, na kila anayekihadithia humfanya shemeji kuwa mshamba aliyepotea Ulaya. Si kweli. Aliyekosea ni mimi niliyeelekeza, na nataka kukifungua kisa hiki kipande kwa kipande ili ionekane nilikosea wapi. Wapo wengi wanaoitwa kwenye ofisi za namna hii, wakutubi, wahariri, wanafunzi wa uzamivu, na wapo wenyeji wengi kama mimi wanaowaandikia "ni karibu sana".

Shemeji ni mkutubi wa chuo kikuu kimoja Tanzania. Alialikwa kwenye kikao kifupi katika ofisi za Elsevier, wachapishaji wa majarida ya sayansi, Radarweg 29, Amsterdam. Saa nne kamili asubuhi. Ndege yake ilitua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kabla ya saa moja, kwa hiyo muda ulikuwepo wa kutosha, hata wa kunywa chai.

Bahasha yenye anwani ya zamani

Kabla ya treni kulikuwa na suala la anwani, na hapo shemeji alinishinda mimi niliyekaa huku miaka.

Mhadhiri mmoja pale chuoni, aliposikia mkutubi anakwenda Amsterdam "kwa wenye majarida", alimletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na makala yake, imechapwa vizuri, kurasa zote, pamoja na barua. Ombi lake lilikuwa dogo: ukifika, mpe mhariri mkononi. Juu ya bahasha aliandika kwa mwandiko safi: Sara Burgerhartstraat 25, P.O. Box 211, 1000 AE Amsterdam.

Barua ya mwaliko ilisema Radarweg 29. Shemeji akanipigia. "Shem, hawa watu wana nyumba ngapi?"

Mimi nilimjibu asijali, bahasha imekosewa. Yeye hakuridhika. Alishuka kwenye maghala ya maktaba yake akafungua majarida na vitabu vya miaka tofauti, ukurasa ule wa nyuma ya jina la kitabu ambao hakuna anayeusoma isipokuwa wakutubi. Vya miaka ya 1990 vilikuwa na Sara Burgerhartstraat. Vilivyofuata baadaye vilikuwa na Radarweg. Sanduku la posta halikubadilika: 211 lilelile. Mhadhiri hakubuni kitu. Alinakili kwa uaminifu kutoka kwenye juzuu la zamani, na juzuu haliwezi kumwambia msomaji kuwa wenyewe walishahama.

Sisi tuliokulia kwenye S.L.P. tunaamini sanduku la posta ndiyo anwani yenyewe. Ofisi inaweza kuhama kutoka Posta Mpya hadi Mikocheni, sanduku likabaki, na barua zikafika. Ila mtu haingii kwenye sanduku. Mgeni anahitaji mtaa na namba ya mlango, na Uholanzi kuna kitu kingine chenye nguvu zaidi: postikodi yao, tarakimu nne na herufi mbili, ukiiunganisha na namba ya nyumba inakufikisha kwenye mlango mmoja tu nchi nzima. Nyumbani tumeanza mambo haya kwa anwani za makazi na postikodi za tarakimu tano, lakini bado mtu akikuelekeza anakwambia "ukishuka kwa Azizi Ally, uliza". Sisemi ni vibaya. Nasema ni mfumo mwingine, unaotegemea kwamba yupo mtu wa kuulizwa.

Kuna mtego wa pili katika ukurasa ule ambao shemeji aliuona na mimi sikuwahi kuufikiria. Vitabu vingi vya miaka ya karibuni vya wachapishaji hawa vinaorodhesha anwani tatu mfululizo: Radarweg ya Amsterdam, Langford Lane ya Kidlington karibu na Oxford, na Hampshire Street ya Cambridge. Anayesoma haraka ataona Oxford na Cambridge akadhani zote ziko Uingereza, mwendo wa basi kutoka moja hadi nyingine. Cambridge hiyo iko Massachusetts, Marekani. Na Kidlington si Oxford. Ni kijiji kikubwa kinachojitegemea, kaskazini yake, na ukishuka stesheni ya Oxford bado una safari. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayekwenda kwa mchapishaji mkubwa ni ofisi ipi kati ya nyingi, na jibu lake liko kwenye barua ya mwaliko peke yake. Usilitafute kwenye kitabu.

Barua hiyo ilimfaa pia mahali ambapo hatukutarajia. Kwenye dirisha la pasipoti, ofisa alimuuliza anakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi. Shemeji akasukuma barua chini ya kioo, kidole kikiwa juu ya mstari wa anwani. Muhuri ukagongwa.

Schiphol, mahali pasipo na geti

Uwanja wa Schiphol umekaa juu ya sakafu ya lililokuwa ziwa, likakaushwa mwaka 1852, kwa hiyo ukitua pale uko chini ya usawa wa bahari kwa mita kadhaa. Stesheni ya treni iko chini zaidi, chini ya jengo lenyewe. Jengo la abiria ni moja tu. Ukishatoka na begi lako unajikuta kwenye ukumbi mpana wenye maduka, na ngazi za umeme zinazoteremka kwenye majukwaa zimo humohumo ukumbini. Katika yote niliyomwandikia, "shuka chini kwenye treni" ndicho kipande pekee kilichokuwa sahihi bila nyongeza.

Alishuka. Hakukata tiketi.

Hapa wanaocheka hucheka zaidi, na hapa ndipo ninapomtetea zaidi. Shemeji amepanda SGR mara kadhaa tangu ianze kubeba abiria mwaka 2024. Treni kwa mtu wa Dar siku hizi maana yake ni hii: unakata tiketi yenye jina lako, tarehe, saa, behewa na namba ya kiti. Unafika stesheni mapema, mizigo inapita kwenye mashine, mtu anaitazama tiketi yako, mwingine anaitazama tena. Hakuna namna ya kufika kwenye jukwaa bila kukutana na binadamu anayetaka kuona karatasi au simu. Sasa mtu huyohuyo umpeleke Schiphol, ambako ngazi za kwenda kwenye majukwaa ziko wazi kama mlango wa soko. Hakuna geti wala askari. Kilichopo ni nguzo fupi zenye kioo kidogo, zimesimama katikati ya ukumbi, watu wanapita wanagusisha kadi, inalia, wanaendelea bila hata kupunguza mwendo. Shemeji aliziona. Aliniambia baadaye alidhani ni za wafanyakazi wa uwanja, wanasaini kuingia kazini.

Na kweli zinafanana na hizo. Tangu 2023 kadi ya kawaida ya benki, ile ya kugusisha, inatosha kusafiria nchi nzima, treni, tramu, basi na metro. Unagusa unapoanza, unagusa unapomaliza, kwa kadi ileile, na nauli inakatwa kwa umbali uliokwenda. Kadi hiyo shemeji alikuwa nayo kwenye pochi. Mimi ndiye sikumwambia. Kwa nini? Kwa sababu nimeishi huku muda mrefu mpaka kugusa kadi kumekuwa kama kuvua viatu mlangoni. Huwezi kukumbuka kumwambia mgeni kitu ambacho mkono wako unakifanya wenyewe.

Kisheria, basi, tangu alipoweka mguu kwenye behewa alikuwa abiria asiye na nauli, na mkaguzi angempitia angekuwa na haki ya kumtoza faini. Hakupita. Ni bahati tu.

Treni yenye jina sahihi

Nilimwambia apande "yoyote inayokwenda Amsterdam Centraal". Neno "yoyote" ndilo lililotuponza.

Ubao wa treni Schiphol unaandika kwa maandishi makubwa mwisho wa safari. Chini yake, kwa maandishi madogo, vituo vichache vya njiani. Sloterdijk ni kituo cha njiani, kwa hiyo mara nyingi utalikuta jina hilo kwenye maandishi madogo, na pengine halimo kabisa. Kuna treni zinazokwenda Centraal zikisimama Lelylaan na Sloterdijk. Nyingine zinaruka Lelylaan zinasimama Sloterdijk. Na nyingine zinakwenda moja kwa moja, hazisimami popote kati ya uwanja wa ndege na Centraal. Zote tatu zimeandikwa Amsterdam Centraal kwa herufi zilezile. Zipo pia zinazokwenda Amsterdam Zuid, upande mwingine kabisa wa mji. Neno "Amsterdam" liko mbele ya majina ya stesheni nyingi, Zuid, Amstel, Muiderpoort, Lelylaan, na iko hata Amsterdam Science Park, huko mashariki. Mgeni anayemtafuta mchapishaji wa sayansi akiliona jina hilo ana kila sababu ya kushuka pale, akajikuta kwenye taasisi za hisabati na fizikia, mbali na Radarweg.

Shemeji aliiona treni ya kwanza imeandikwa Amsterdam Centraal, mlango uko wazi, akapanda. Alifuata maelekezo neno kwa neno.

Sasa nikitazama nyuma naona kilichonikera zaidi: jambo hili shemeji alilijua vizuri kuliko mimi. Daladala ya Mbagala haina maandishi ya Mtoni wala ya Kwa Azizi Ally. Imeandikwa mwanzo na mwisho, na kila mtu wa Dar anajua vituo vya katikati havimo kwenye kibao. Na tangu mwendokasi uanze mwaka 2016, watu wa Kimara wanajua kuna basi la kawaida na kuna lile la express linalopita kituo chako huku unakitazama. Ningemwandikia sentensi moja tu, "shem, kuna treni ya kawaida na kuna express, ya express usipande", asingepanda. Mimi nilimwandikia kama anayemwandikia mtu ambaye hajawahi kupanda chochote.

Tofauti ni moja tu: daladala ina konda. Konda hupiga ubavu wa gari akaita vituo, na ukichelewa kusema "shusha" yeye mwenyewe hukumbuka kuwa ulimwambia. Kwenye treni ya Uholanzi konda ni kile kioo cha juu karibu na mlango, kinachoandika vituo vinavyofuata kwa mpangilio. Hakipigi kelele. Shemeji alikaa kwa kukipa mgongo, mikono miwili juu ya begi, kama tunavyokaa sote tukiwa na mzigo mahali pageni.

Anasema aliiona Sloterdijk. Kibao cha bluu, herufi nyeupe, kimepita dirishani mara moja, jukwaa limejaa watu wenye makoti. Alisimama. Treni haikusimama.

Wakati huo mimi nilikuwa kwenye jukwaa hilohilo, kikombe cha kahawa mkononi, naitazama treni inavyopita. Sikujua yumo.

Neno lisilotamkika

Centraal alifika salama. Simu yake ilikuwa na intaneti ya uwanjani tu, alipoondoka Schiphol ikanyamaza, na ujumbe wangu wa "uko wapi?" ukabaki na tiki moja. Akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: akauliza.

Alimwendea mfanyakazi wa reli aliyevaa sare, akamwambia anatafuta "Sloterdijiki". Yule bwana akakunja uso. Akarudia taratibu zaidi, ambayo ilizidisha giza. Kiswahili kinatufundisha kusoma kila herufi kama ilivyo, na ni sifa njema ya lugha yetu, lakini hapa inatuangusha: zile herufi mbili, i na j, Waholanzi huzitamka pamoja karibu na "ei", kwa hiyo dijk, yaani tuta la kuzuia maji, husikika kama "deik". Schiphol nayo huanza kwa sauti ya "skh", ile kh tunayoisikia kwa anayetamka kheri kwa Kiarabu chake. Hatimaye shemeji akatoa barua ya mwaliko, kidole juu ya anwani, kama alivyofanya kwenye pasipoti. Bwana akaisoma, akacheka kwa wema, akamwonyesha jukwaa.

Kutoka Centraal, treni za Haarlem, za Zaandam na nyingi za kurudi Schiphol husimama Sloterdijk, na huwa ni kituo cha kwanza. Dakika 6 hivi. Ukipitilizwa dawa yake ni nyepesi kiasi hicho, nami sikuiandika kwa sababu sikuwaza kwamba anaweza kupitilizwa.

Geti

Sloterdijk ni stesheni yenye ghorofa mbili. Reli za juu zinakatiza juu ya reli za chini kama msalaba, na pembeni kuna metro na tramu. Nilikuwa nimemwambia "nitakuwa pale" bila kusema pale ni wapi. Nilikuwa nimepanda jukwaa moja, nikashuka, nikapanda jingine, na mwishowe nikatoka nje ya mageti nikasimama, nikijiambia kwamba hata atoke wapi atapita hapa.

Akaja. Koti refu la kijivu, kilemba, begi la magurudumu, na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Alinipungia mkono. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye geti la kioo, akasimama, akalisubiri lifunguke.

Halikufunguka. Watu wa kushoto na kulia wake wakawa wanagusa, tii, wanapita. Yeye akatazama huku na huku akimtafuta mtu wa kumfungulia. Tulikuwa tumeachana mita moja, kioo katikati, na saa ya ukutani inasoma 09:38.

"Shem, tiketi wanauza wapi?"

"Hukukata?"

"Nani aliniambia nikate?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Pembeni ya mageti huwa kuna kitufe cha msaada. Nikamwelekeza akibonyeze. Sauti ya mwanamke ikatoka, ikamuuliza kwa Kiingereza ametokea wapi na shida ni nini. Shemeji akaeleza kila kitu, kuanzia Schiphol, hakuficha hata moja, mpaka nikaona aibu kwa niaba yangu mwenyewe. Kimya kidogo. Geti likafunguka.

Hatua chache za mwisho

Kutoka hapo ni kazi ndogo. Unatokea upande wa Orlyplein, uwanja ulioinuliwa mbele ya stesheni, zamani mtupu na wenye upepo wa kukung'oa, siku hizi umepandwa majani na miti. Radarweg iko hapohapo. Namba 29 ni mnara wa ofisi, hutembei hata dakika tano.

Tukiwa tunatembea shemeji alinionyesha kitu ambacho mimi napita kila siku bila kukiona. "Orly si uwanja wa ndege wa Paris?" Ndiyo. Mitaa mingi ya eneo lile imepewa majina ya viwanja vya ndege: Orlyplein, Arlandaweg ya Stockholm, Naritaweg ya Tokyo, Barajasweg ya Madrid, La Guardiaweg ya New York, Carrascoplein ya Montevideo. Mkutubi haachi kupanga vitu kwenye makundi hata akiwa amechelewa. Na kwa anayeelekeza wageni hilo lina faida: ukiona kibao cha mtaa chenye jina la uwanja wa ndege, ujue bado uko jirani na Sloterdijk.

Mapokezi walimkuta kwenye orodha ya wageni, wakatazama pasipoti, wakampa beji. Saa nne kasoro dakika kumi. Nami nikabaki chini kumsubiri na begi.

Kuhusu ile bahasha: alipanda nayo, akashuka nayo. Hakukuwa na wa kumpa. Hili mhadhiri wetu hakulijua, na wengi hawalijui, kwamba ofisi ya mchapishaji siyo mahali majarida yanapohaririwa. Pale wapo watu wa mikataba, wa mauzo, wa programu, wa huduma kwa maktaba, wanaosimamia majarida kwa mamia. Mhariri mkuu wa jarida moja moja kwa kawaida ni profesa katika chuo chake, nchi yoyote ile, na makala humfikia kupitia mfumo wa mtandaoni, kisha huenda kwa wasomaji wataalamu walio kwingine tena. Hata majarida yenye ofisi zake za uhariri, si lazima yawe Radarweg. Lancet, lililoanza 1823 na likanunuliwa na Elsevier mwaka 1991, linahaririwa kutoka London. Wahariri wa jarida la Cell makao yao ni kule Cambridge ya Marekani. Enzi za ukoo wa Elzevir, wachapaji wa Leiden ambao kampuni hii ilipoanzishwa mwaka 1880 ilichukua jina lao, huenda mswada ulikuja kwa mkono. Galileo akiwa kifungoni nyumbani kwake Italia, kitabu chake cha mwisho kilichapwa Leiden mwaka 1638 na mmoja wa ukoo huo, baada ya mswada kutoroshewa kaskazini. Mhadhiri wetu alikuwa amechelewa kwa karibu miaka 400.

Nilichokuja kukiandika

Mwezi uliofuata rafiki wa shemeji, mkutubi mwenzake, alikuwa anakuja kwa safari ya namna hiyohiyo. Nikaandika upya, safari hii shemeji akiwa kwenye simu anasahihisha kila mstari. Ulitoka hivi:

"Dada, karibu. Uwanja una jengo moja, fuata alama za treni. Kabla ya kushuka kwenye ngazi utaona nguzo fupi za kugusisha kadi. Gusisha kadi yako ya benki mpaka ilie. Hakuna geti, lakini si bure. Kwenye ubao usisome jina kubwa peke yake. Soma maandishi madogo, tafuta Sloterdijk (sema Slotadeik). Kama haimo, treni hiyo ni express, iache hata kama imeandikwa Amsterdam. Nyingine haichelewi. Ukiingia, kaa unakitazama kioo cha vituo. Hicho ndicho konda wako. Ikisimama Lelylaan usishuke. Ukifika Sloterdijk fuata alama za Orlyplein, gusisha kadi ileile kwenye geti, utoke, usimame hapohapo nje ya geti. Mimi ndiye nitakufuata. Ukipitilizwa hadi Centraal usihangaike wala usitoke nje ya geti: panda treni ya Haarlem au Zaandam, kituo cha kwanza ndicho chetu. Barua ya mwaliko iwe mkononi, usiifungie kwenye begi. Ubao ukisema 08:50 ni saa tatu kasoro kumi ya asubuhi, na Mholanzi akikuambia 'half tien' anamaanisha saa tatu na nusu, si saa nne na nusu."

Shemeji aliusoma wote, akanyamaza, kisha akaandika: "Ongeza na bahasha. Asibebe bahasha ya mtu."

Nikaongeza.